Namna ya kujaza daftari la mbwa wa ulinzi

Karibuni, ndugu zangu mnaoshika mbwa kazini. Hapa mezani nina daftari gumu, kalamu ya wino na mzani. Huyu pembeni ni Duma, mbwa wa kunusa vilipuzi.

Anza na ukurasa wa utambulisho: jina, jinsia, tarehe ya kuzaliwa, namba ya chipu iliyowekwa chini ya ngozi yake, yenye tarakimu 15, na jina la mshika mbwa. Hapo usikawie.

Fungua ukurasa wa afya. Kila Jumatatu, kabla hajala, mpime. Akigoma kutulia kwenye mzani, mbebe mpande wote, kisha toa uzito wako. Andika chanjo ya kichaa cha mbwa, dawa ya minyoo na ya kupe, na lini anarudia. Kazini kwetu mbwa mmoja alishuka kutoka kilo 31 hadi 27. Tulikuwa tunapokezana zamu, kila mtu akidhani ndivyo alivyo siku zote. Kumbe homa ya kupe. Hatukuwa na daftari, na mpaka leo inaniuma.

Sasa mazoezi, hapa naomba mnisikilize sana. Kila zoezi na mstari wake: harufu gani, gramu ngapi, imefichwa wapi, kimo gani kutoka chini, imekaa dakika ngapi, upepo unatoka wapi. Andika pia kama mshika mbwa alijua ilipo. Akijua, atapunguza mwendo au atakaza kamba bila kukusudia, na mbwa ataketi (ndiyo ishara yake kwamba amenusa kitu) kwa kumsoma yeye. Kwa hiyo mwenzako ndiye afiche, wewe usijue. Siku nyingine asifiche chochote. Mbwa akipitiliza kilichofichwa, andika. Akiketi pasipo kitu, andika.

Kazi ya getini ipe ukurasa wake. Mbwa akiketi kwenye gari lisilokutwa na kitu, huwezi kujua amekosea au amenusa mabaki ya harufu. Kwenye zoezi jibu linajulikana. Mwaka 2013, katika kesi ya Florida dhidi ya Harris iliyomhusu Aldo, mbwa wa polisi, Mahakama ya Juu ya Marekani iliyapa majaribio ya mafunzo uzito kuliko kumbukumbu za barabarani, kwa hoja hiyohiyo.

Ukikosea kuandika, kata kwa mstari mmoja, weka saini, andika upya. Usifute.

Tazameni mstari huu wa leo asubuhi: gari la tatu, gurudumu la nyuma, Duma amepitiliza. Kesho tunarudia gurudumu hilohilo.