Muswada Ukifika Mara ya Pili Mmeshachelewa

(Mhadhara uliotolewa Ngamiani, Tanga)

Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, shikamooni wakubwa zangu, vijana mambo vipi. Ahsanteni kwa kunialika tena. Naona sura za mwaka jana na nyingine mpya, wale wa mwaka jana mtanivumilia maana nitasema yale yale, na nitaendelea kuyasema mpaka nisikie kuna watu wa Tanga wamepanda basi alfajiri kwenda Dodoma kukaa mbele ya kamati ya Bunge na karatasi ya maoni yao juu ya muswada, yaani sheria ambayo bado haijapitishwa, mkononi. Habari za mihimili mitatu mlishasoma shuleni, leo sina muda nazo.

Naanza na tozo. Mnaikumbuka tozo ya miamala ya simu? Ilianza kukatwa tarehe 15 Julai 2021, na wiki ile hapa Ngamiani huwezi kupita kwenye kibanda cha wakala usisikie ugomvi, mama katumiwa hela ya dawa anaitoa inakuja pungufu, wakala anatukanwa na yeye hausiki. Nchi nzima ikalia. Mwezi wa 9 ikapunguzwa asilimia 30, mwaka uliofuata ikapunguzwa tena. Watu wakasema tumeshinda. Mimi nikawauliza, mmeshinda nini, si mlikuwa mmeshakatwa?

Maana ile tozo haikutoka hewani jamani. Ilikuwa ndani ya Muswada wa Sheria ya Fedha wa 2021, kwenye sehemu inayorekebisha Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa. Iliandikwa ikachapwa, ikaenda kwenye kamati kabla ya Bunge zima kuijadili, na kila mwezi wa 6 Kamati ya Bajeti inaita wadau waje watoe maoni juu ya muswada wa fedha. Wanaoenda ni kina nani? Wenye viwanda wanaenda, makampuni ya simu, mabenki, wahasibu, hao wana watu wameajiriwa kazi yao ni kusoma miswada tu. Mama muuza samaki wa Deep Sea haendi, chama cha mawakala hakiendi, bodaboda haendi. Halafu mwezi wa 7 tunashangaa kwanini sheria haikutufikiria.

Haya, njia yenyewe ni hii, sikilizeni vizuri. Wizara inatunga muswada, unapita Baraza la Mawaziri, unachapwa kwenye Gazeti la Serikali pamoja na maelezo yanaitwa madhumuni na sababu. Wengi wanayaruka yale maelezo na ndo sehemu rahisi kuliko zote kusoma, unaambiwa kifungu cha 4 kinafanya nini, kifungu cha 5 kinafanya nini. Kisha unaenda bungeni, unasomwa mara ya kwanza. Sasa hapo kwenye kusomwa mara ya kwanza watu wengi wanapapita macho wazi, wanadhani kusomwa ni kusomwa kweli. Hapana. Katibu pale mezani anasimama anataja jina la muswada, basi, hakuna mjadala, hakuna anayepinga wala anayeunga mkono, ni chini ya dakika moja. Ukiwa unaangalia kwenye TV umeenda kuchukua chai jikoni, ukirudi umeshapita. Na hapo hapo Spika anaupeleka kwenye kamati inayohusika, ya afya, ya bajeti, ya utawala katiba na sheria, kutegemea na muswada wenyewe.

Saa yenu inaanza kuhesabu pale Spika anapoupeleka kamatini. Kamati ni wabunge wachache, wamekaa chumbani wanapitia kifungu kwa kifungu, wanamuita waziri na wanasheria wake wajieleze, na kanuni zinawaruhusu kumuita mtu yeyote aje kutoa maoni. Hamna makofi pale wala kamera ya kuchezea, mbunge anaweza kumwambia waziri hiki kifungu hakifai na waziri akakubali bila kuonekana kashindwa mbele ya nchi. Akikubali anarudi na jedwali la marekebisho, yaani orodha ya vifungu anavyovibadilisha. Ukishatoka kamatini ukaja kusomwa mara ya pili, ule mjadala mnaouona na hotuba ndefu, mambo makubwa yameshakubaliwa tayari. Kwenye Kamati ya Bunge Zima, yaani wabunge wote wakipitia vifungu ukumbini, bado mbunge anaweza kuleta marekebisho, ni kweli, lakini jaribu kumshawishi mtu mbele ya wenzake mia tatu na kitu na muda unakimbia. Bei ya samaki unaipigania pale mnadani asubuhi, akishakaangwa unabishana na muuza mihogo wa nini.

Sasa nije kwenye mfano ninaoupenda, na mtanisamehe nitakaa hapa sana maana unatuhusu sisi Tanga moja kwa moja. Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote. Aliyeupeleka bungeni alikuwa Waziri wa Afya Mheshimiwa Ummy Mwalimu, wakati ule mbunge wetu hapa Tanga Mjini. Ulisomwa mara ya kwanza mwezi wa 9 mwaka 2022. Hela zilizokuwa zinatajwa na serikali wakati ule ni shilingi 340,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na 84,000 kwa mtu mmoja. Watu wote wakashika hapo hapo kwenye 340,000, kwenye daladala 340,000, msikitini 340,000, harusini 340,000. Na ni hoja ya haki kabisa, mkata mkonge anaitoa wapi kwa mkupuo.

Lakini ndani ya muswada kulikuwa na jambo lingine. Ule muswada wa mwanzo ulikuwa unaifunga bima na huduma nyingine, kwamba ili upate leseni ya udereva, leseni ya biashara, namba ya mlipa kodi, pasipoti, mtoto kuandikishwa kidato cha tano, uwe na bima kwanza. Nilikaa na vijana wa bodaboda pale stendi ya Kange na nakala ya muswada, nikawasomea kile kifungu. Kimya. Kijana mmoja akaniambia mwalimu rudia hapo kwenye leseni. Nikarudia. Akasema kwahiyo mimi nikikosa hela ya bima, polisi ananikamata kwa leseni? Nikamwambia ndo ilivyoandikwa, na haijawa sheria bado, ipo kamatini. Walikuwa wanajua kila kitu kuhusu 340,000, namba ambayo haikuwa hata imeandikwa kwenye muswada, na hawajui kifungu kilichowagusa wao mkononi. Siwalaumu, hakuna aliyewapelekea. Nawalaumu viongozi wa vyama vyao na wasomi wa mji huu ambao wana laptop na bando na muda.

Kilichotokea ndo ninachotaka mkibebe. Mwezi wa 11 mwaka 2022 muswada ulikuwa umepangwa kujadiliwa, ukasimamishwa, wadau walikuwa wamesema mengi na swali kubwa lilikuwa moja tu, maskini asiyeweza kulipa nani anamlipia na hela inatoka wapi. Ukatarajiwa tena mwezi wa 2 mwaka 2023, ukakwama tena. Ukaja kupitishwa mwezi wa 11 mwaka 2023, zaidi ya mwaka mzima tangu usomwe mara ya kwanza! Na ulipopita ulikuwa na mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo, na vyanzo vya hela vimetajwa, ushuru kwenye soda, kwenye vileo, kwenye vipodozi, michezo ya kubahatisha na kadhalika. Kwahiyo lile swali la hela zinatoka wapi lilipata jibu ndani ya sheria yenyewe, na lilipata jibu kwa sababu kuna watu walilipeleka wakati muswada bado unaweza kuguswa. Nani aliwasemea bodaboda wa Kange? Watu wengine kutoka mikoa mingine, mashirika ya Dar, madaktari, wanasheria. Bahati tu kwamba waliona. Siku nyingine hawataona, kitakuwa kifungu cha uvuvi wa pweza au cha bei ya mkonge, nani wa Dar atakiona?

Najua kuna mtu hapo nyuma anasema moyoni, si tuna mbunge. Ndio, tuna mbunge, na mbunge mmoja hakai kamati zote, muswada wa uvuvi unaweza kwenda kwenye kamati ambayo mbunge wako hayumo, anauona ukifika ukumbini kama wengine. Mpigie, mwandikie, ni sawa, ila mwandikie pia mwenyekiti wa ile kamati.

Mwingine anasema miswada iko kwa kiingereza. Hiyo ilikuwa hoja nzuri zamani. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyofanya kiswahili kuwa lugha ya sheria, na miswada ya uchaguzi ile iliyosomwa mara ya kwanza Novemba 2023 ilikuwa kwa kiswahili, mtu yeyote wa humu ukumbini angeweza kuisoma. Ni migumu, ndio, imeandikwa na wanasheria. Kaeni watano msome pamoja, kila mmoja vifungu kumi, jioni moja mmemaliza.

Mwingine, na huyu ndo ananichosha kuliko wote, anasema wanatuita kutimiza utaratibu tu, wameshaamua. Wakati mwingine ni kweli, siwezi kuwadanganya watu wazima. Muswada wa Huduma za Habari wa 2016, wadau wa habari waliomba waongezewe muda na ukapita mwezi wa 11 mwaka ule ule. Inauma. Lakini nionyesheni mahali pengine kwenye safari nzima ya muswada ambapo mwananchi wa kawaida anaruhusiwa kukaa kwenye kiti na kuongea na wabunge wakiwa na kalamu mkononi. Hamna. Wenzetu wa Kenya hapo ng'ambo ya Horohoro, katiba yao ibara ya 118 inalilazimisha bunge liwezeshe ushiriki wa umma, na sheria inaweza kupelekwa mahakamani kwa kutowashirikisha watu. Sisi katiba yetu ibara ya 96 inasema Bunge linaweza kuunda kamati, na habari ya kuwasikiliza wananchi imeachwa kwenye kanuni. Mimi nataka ije kwenye katiba, nimeshasema mara nyingi, lakini huku tukisubiri hiyo siku tukae nyumbani? Hapana!

Halafu kuna hati ya dharura, na hapa nina hasira napo. Rais akisaini hati kwamba muswada ni wa dharura, ule muda wa kawaida unakatwa, unaweza kuchapwa, kusomwa na kupitishwa ndani ya mkutano mmoja wa Bunge. Sheria za maliasili za mwaka 2017, zile za umiliki wa rasilimali na mikataba ya madini, zilipita hivyo mwanzoni mwa mwezi wa 7. Wengi tulizipenda zile sheria, hata mimi nilikubali nia yake. Lakini kupenda sheria hakuondoi ubaya wa kuipitisha mbio mbio, maana mlango ule ule uliotumika kwa sheria unayoipenda utatumika kwa sheria usiyoipenda. Vita, mafuriko, ugonjwa, hiyo ni dharura.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, haraka haraka. Muswada binafsi, mbunge yeyote anaweza kuleta, au kamati yenyewe, ila kwa ibara ya 99 ya katiba mambo ya kodi na matumizi ya serikali lazima yatoke kwa Rais kupitia waziri, kwahiyo msimwambie mbunge wenu alete muswada wa kufuta ushuru, hawezi. Rais anaweza kukataa kusaini, ibara ya 97, anaurudisha na sababu, nilitaka kulieleza kwa kirefu lakini muda hamna, lisomeni wenyewe ni ukurasa mmoja tu.

La mwisho ni namna ya kufanya, na hili andikeni. Miswada inawekwa kwenye tovuti ya Bunge, na ratiba za kamati pia. Kamati zinakaa kabla ya mikutano ya Bunge, kwahiyo mkisikia mkutano wa Bunge unakaribia, angalieni kamati zinaanza lini, msisubiri mkutano wenyewe. Tangazo la kuita wadau mara nyingi linatoa siku chache sana, kwahiyo chama chenu kiwe na watu wawili ambao kazi yao ni kuangalia tu. Maoni yanaandikwa kwa Katibu wa Bunge, Dodoma. Msiandike malalamiko kurasa kumi. Chora jedwali, safu ya kwanza namba ya kifungu, ya pili kinavyosema sasa, ya tatu mnavyotaka kisomeke, ya nne sababu kwa mistari miwili mitatu, na sababu iwe ya hapa hapa, bodaboda wa Kange anaingiza kiasi gani kwa siku, mvuvi anakaa siku ngapi bila kutoka kwa sababu ya upepo wa kusi. Hivyo vitu mwanasheria wa wizara hana. Nauli ya Dodoma ikishindikana tuma maandishi, yanapokelewa, lakini mkiweza kuchangishana mtu mmoja aende akaulizwe maswali ana kwa ana ni bora mara nyingi zaidi.

Hilo jedwali la mfano nimelitoa kopi, liko pale mlangoni, chukueni. Haya maswali, mama mwenye mtandio wa kijani umenyoosha mkono tangu nilipokuwa kwenye tozo, anza wewe.