Gurudumu la Spoku Saba

Ndugu wasikilizaji, inueni mkono mmoja mbele ya macho, mtanue vidole. Wiki za mwanzo tumboni mwa mama, mkono huo ulikuwa bapa kama kafi la mtumbwi, vidole vimeshikana. Seli zilizokuwa katikati zilikufa. Hazikuuawa na ugonjwa. Zilijimaliza zenyewe kwa utaratibu, zikamegeka vipande, na seli jirani zikavimeza bila uvimbe wala usaha. Mwaka 1972 wanasayansi Kerr, Wyllie na Currie walikiita kifo hiki apoptosisi, neno la Kigiriki la majani yanayopukutika.

Seli inajimaliza vipi? Hapa naomba twende polepole, maana ndipo penye uhondo.

Ndani ya mitokondria, jiko la seli, mna protini ndogo iitwayo saitokromu c. Kwa binadamu ni mnyororo wa asidi amino 104 tu. Kazi yake ya kila siku ni kupokea elektroni na kuzikabidhi mbele. Bila kazi hiyo, hewa tunayovuta isingetufaa kitu. Mwaka 1996 maabara ya Xiaodong Wang, Marekani, ilionyesha kwamba protini hiyohiyo ikimwagika nje ya mitokondria, huita kifo. Mpaka leo nikilifundisha hili nasisimka: kinachotuhuisha ndicho kinachopeleka taarifa ya mwisho.

Tuseme DNA imeharibika kupita kiasi. Protini za Bax na Bak hukusanyika kwenye utando wa nje wa mitokondria na kuutoboa. Saitokromu c inatoka, inaikuta protini nyingine, Apaf-1, imejikunja peke yake, inaishika. Kwa msaada wa ATP au dATP, molekuli ndogo zenye nishati, Apaf-1 inakunjuka. Lakini moja haifanyi kitu. Zinashikana ubavu kwa ubavu mpaka zinatimia saba, na hapo gurudumu limekamilika. Aliyewahi kukaza spoku za baiskeli atalielewa mara moja: kitovu katikati, mikono saba kuzunguka. Wataalamu wanaliita apoptosomu. Kaspasi-9, protini za kundi la kaspasi ambazo kazi yake ni kukata protini nyingine, huja kujikusanya pale kitovuni, na ukaribu huo ndio unaozipa makali. Zinaikata kaspasi-3, nayo ikishaamka hukata protini za seli kwa mamia.

Panya walioondolewa jeni ya Apaf-1 walituonyesha uzito wa jambo hili. Ubongo wao ulijaa seli kupita kiasi, na ngozi kati ya vidole ilichelewa kuondoka. Wengi walikufa kabla ya kuzaliwa au punde baadaye.

Na kuna seli zinazokataa kufa. Katika baadhi ya saratani za damu, protini ya BCL-2 hujazana na kuwazuia Bax na Bak wasitoboe. Venetoclax, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016, huing'ang'ania BCL-2 hiyo mpaka inaachia. Utando unatoboka, saitokromu c inamwagika, na zile saba zinaanza kutafutana.