Ramani Yenye Kimo: Modeli za Pande Tatu na Upangaji wa Dar es Salaam

Mheshimiwa Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wenyeviti wa serikali za mitaa mlioitikia mwaliko wetu, wanafunzi, mabibi na mabwana, nawasalimu nyote.

Nimeombwa nizungumzie matumizi ya modeli za pande tatu katika mipango miji. Nitazungumzia mji huu tuliomo, na ndani ya mji huu nitakaa zaidi kwenye Bonde la Msimbazi, kwa sababu huko ndiko nilikojifunzia mengi ninayoyajua kuhusu jambo hili, na mwenye shaka anaweza kwenda kesho asubuhi akajionea mwenyewe.

Nianze na futi kamba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria hiyo ina sababu nzuri, kwani ukingo ukivuliwa mimea na kujengwa hadi mwisho wake humomonyoka, na mto uliobanwa hutafuta njia nyingine. Lakini mita 60 hupimwa kwa mlalo. Kule kwenye vilima vya Pugu, Mto Msimbazi unakoanzia, mita 60 kutoka ukingoni zinaweza kukupandisha mahali ambapo maji hayatafika hata mvua ikinyesha wiki nzima. Ukishuka mpaka Jangwani, ambako bonde limelala kama mkeka uliotandikwa, mita 60 zile zile hazijakutoa kwenye njia ya maji. Waliokuwa hapa Desemba 2011 wanakumbuka jinsi mafuriko yalivyofika kwenye nyumba ambazo hakuna aliyezihesabu kuwa ziko mtoni, na jinsi familia nyingi zilivyohamishiwa Mabwepande. Waliokuwa hapa mwishoni mwa mwaka 2015 wanakumbuka alama za X nyekundu kwenye kuta za mabondeni, na jinsi hizo mita 60 zilivyotajwa kila siku. Nyumba mbili zilizo umbali ule ule kutoka mtoni, moja ikiwa imeinuka mita mbili zaidi ya mwenzake, hazimo katika hatari moja, na ramani bapa haiwezi kukuonyesha tofauti hiyo.

Hilo ndilo ninalolisema jioni hii: mengi yanayotuumiza katika mji huu yamo kwenye kimo, nasi kwa miaka mingi tumeupanga kwa urefu na upana peke yake. Mji ulipata mpango kabambe wa mwaka 1949, kisha wa 1968, kisha wa 1979. Ukiitazama mipango ya namna hiyo unaona rangi: hapa makazi, hapa viwanda, hapa bonde liachwe wazi. Katika ramani za karatasi kimo huwakilishwa kwa mistari ya kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, ambayo mpima ardhi huisoma bila taabu kama mwingine anavyosoma gazeti, lakini mjumbe wa nyumba kumi akioneshwa mistari hiyo ataitikia kwa kichwa kwa adabu tu, na mkutano utaendelea bila yeye kushiriki. Modeli ya pande tatu inaondoa kizuizi hicho. Mtu anaiona nyumba yake, anauona mwembe wake, anaona kwamba ardhi ya jirani imeinuka kuliko yake, na papo hapo ana neno la kusema.

Modeli hizi zinatengenezwaje? Kwa ufupi, droni, yaani ndege ndogo isiyo na rubani, hupaa na kupiga picha mfululizo, kila picha ikirudia sehemu kubwa ya eneo lililomo katika picha iliyotangulia, kwa kawaida asilimia 70 hadi 80. Programu hutafuta kitu kimoja, tuseme kona ya bati, katika picha nyingi zilizopigwa kutoka sehemu tofauti, na kwa hesabu za pembe hupata mahali kona hiyo ilipo, kimo chake kikiwamo. Likifanyika hilo mara mamilioni, linapatikana wingu la nukta, na kutoka katika wingu hilo tunaunda sura ya mji. Haya yamefanyika hapa kwetu. Mradi wa Ramani Huria ulianza Dar es Salaam mwaka 2015, na wanafunzi wa vyuo vikuu waliingia mitaani pamoja na wakazi, wakachora nyumba, njia na mitaro, nazo droni zikapiga picha kutoka juu. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kuipiga picha Unguja yote na Pemba yote kwa droni ndogo zenye mwili wa povu, zikirushwa na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakishirikiana na Kamisheni ya Ardhi.

Kabla ya hapo wengi wetu tulitegemea data za kimo zilizokusanywa na chombo cha anga za juu cha Marekani mwezi Februari mwaka 2000. Zilitusaidia, na bado zinasaidia kwa kazi za mkoa mzima. Lakini kila kipande chake, hata katika toleo lake lenye undani zaidi, kina mita 30 kwa mita 30, na kwa kipande hicho kizima, chenye mita za mraba 900, unapewa namba moja tu ya kimo. Katika Tandale au Vingunguti, mita za mraba 900 zinabeba nyumba kadhaa, vichochoro, choo cha shimo na pengine genge la mama muuza mboga. Namba yenyewe inaweza kukosea kwa mita kadhaa, wakati anayelala bondeni anajali sentimita.

Sasa niwasimulie kilichonifundisha kazi hii. Mwaka mmoja, baada ya masika, nilipeleka kompyuta yangu na projekta kwenye ofisi ya serikali ya mtaa mmoja wa Bonde la Msimbazi. Modeli tuliitengeneza sisi wenyewe, na tuliipenda: kila paa linaonekana, kila mti una kivuli chake. Tulikuwa tumekwisha kuimwagia mvua ya kwenye kompyuta na kupaka rangi ya bluu mahali maji yatakaposimama. Bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaniambia, “Mwanangu, hapo ulipopaka bluu ndipo tunapokimbilia. Mvua ikizidi, magodoro tunayapeleka hapo.”

Nilitaka kumjibu. Namshukuru mwenyekiti wa mtaa aliyependekeza twende tukatazame. Bibi akatutangulia na kanga yake kichwani, kwa maana manyunyu yalikuwa hayajakatika, akatuingiza chumbani kwake. Ukutani, juu kidogo ya swichi ya taa, kulikuwa na mstari wa tope uliokauka, umenyooka kama uliopigwa kwa rula. Nikaupima: mita 1.34 kutoka sakafuni. Katika modeli yetu nyumba hiyo ilikuwa kavu. Kisha akatupeleka nyuma, kwenye barabara, akatuonyesha mdomo wa kalavati uliojificha kwenye matete, nusu yake imejaa mchanga na chupa za plastiki.

Mwenye kosa hapo tulikuwa sisi. Droni hutazama kutoka juu, nayo ilikuwa imeiona barabara kama tuta lisilo na tundu. Maji ya kompyuta yalipofika kwenye tuta hilo yalisimama, tukayapaka bluu upande wa juu. Maji ya kweli yalikuwa yakipita chini ya barabara kwenye kalavati na kumwagikia nyumbani kwa bibi. Tulirudi ofisini, tukaitoboa barabara katika modeli, tukaweka bomba la sentimita 90 lililoziba nusu, tukamwaga mvua ile ile. Safari hii maji yalifika ukutani kwa bibi, na tofauti kati ya alama ya kompyuta na alama ya tope haikuzidi shubiri moja.

Hitilafu ya namna hiyo hutokea mara nyingi sana, na inafaa wanafunzi mlio hapa muizingatie kabla hamjavutiwa na rangi. Picha za droni huzaa kwanza sura ya juu ya vitu vyote, yaani mapaa, miembe na malori yaliyoegeshwa, na bado hiyo si ardhi. Kuipata ardhi kunahitaji kuyaondoa yote yaliyosimama juu yake, na kwenye mitaa ambako bati la huyu limepanda juu ya bati la yule kamera haikuiona ardhi kabisa, kwa hiyo programu inakisia. Hapo hakuna njia ya mkato: mtu aingie kichochoroni na kifaa chake, apime chini, ahesabu mitaro kwa upana na kina, aulize maji ya mwaka jana yalifika wapi.

Kuna jambo jingine dogo la kifundi ambalo limekwisha kuleta hasara. Kipokezi cha setilaiti, yaani kifaa cha GPS, ukikiweka mchangani pale Coco Beach mahali wimbi linapokufa, kinaweza kukuandikia kimo cha zaidi ya mita 20 chini ya sifuri, ilhali miguu yako iko usawa wa bahari. Kifaa ni kizima. Kinapima kutoka kwenye umbo laini la kihisabati linaloiwakilisha dunia, na katika pwani yetu umbo hilo liko juu ya usawa halisi wa bahari. Aliyechora barabara akitumia sifuri moja, na aliyechora mtaro akitumia sifuri nyingine, watazaa mtaro unaopandisha maji mlima. Kwa hiyo ofisi yoyote inayopokea modeli, kabla ya kuisifia, iulize sifuri yake iko wapi, na jibu liandikwe.

Kuhusu undani wa majengo sitakaa sana. Kiwango cha kimataifa cha modeli za miji kilichopitishwa mwaka 2008 kilipanga ngazi tano, kuanzia sura ya ardhi peke yake, kisha majengo kama boksi tupu, kisha boksi lenye umbo la paa, kisha jengo lenye milango na madirisha, hadi vyumba vya ndani. Kwa maoni yangu halmashauri zetu hazihitaji kuanzia juu. Maboksi tupu juu ya ardhi iliyopimwa vizuri yana faida kubwa kuliko madirisha ya kupendeza juu ya ardhi ya kukisia, na fedha zinazobaki zilipe wapima mitaro.

Hata hayo maboksi yanatosha kwa jambo ambalo hatulijadili ipasavyo: kivuli na upepo. Miji ya nchi za baridi hutumia modeli kulinda jua la raia wake, jengo jipya lisimzibie jirani mwanga wakati wa baridi. Tukiichukua programu pamoja na maswali yake tutajikuta tunalilinda jua Kariakoo. Sisi tuko kama nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni, saa sita mchana, jua linakuwa upande wa kaskazini, na jengo la mita 30 linatupa kivuli cha takriban mita 17 kuelekea kusini. Mwezi Desemba jua limehamia kusini, na kivuli cha jengo lile lile kinafika kama mita 9 tu upande wa kaskazini. Mpangaji anayejua hivyo anaweza kusema kituo cha daladala kiwekwe wapi ili abiria wasiungue, na wafanyabiashara wadogo wapangiwe upande upi wa barabara. Kadhalika upepo. Pwani hii inaishi kwa kaskazi na kusi, na nyumba za wazee wetu zilijua kuzipokea. Tukisimamisha ghorofa bega kwa bega kando ya bahari, aliye nyuma yake Upanga anabaki na joto na bili ya kiyoyozi. Ramani bapa haionyeshi hilo. Modeli inalionyesha kabla kibali hakijatolewa, wakati bado inawezekana kusema jengo lisogee au lifunguliwe katikati.

Nisiache kuonya kuhusu picha. Kwenye mabango ya miradi mnaona taswira tamu: miti ya miaka 20 siku ya ufunguzi, barabara tupu, hakuna waya za umeme, hakuna bodaboda, hakuna mama lishe, na yote yametazamwa kutoka angani, mahali ambapo mkazi hatasimama kamwe. Mimi huomba kamera ishushwe hadi kimo cha macho ya mtu mzima, mita moja na nusu hivi, kisha huomba ishushwe tena hadi kimo cha mtoto anayevuka kwenda shule. Miradi kadhaa nimeona ikibadilika kwenye kikao hicho hicho, kwa sababu kila mmoja mezani alikuwa ameona ukuta mrefu usio na mlango. Anayekataa kuishusha kamera anatangaza biashara, na mkutano wa wananchi si mahali pake.

Wala modeli haihitaji kompyuta kila mara. Mwaka 2006, huko Nessuit nchini Kenya, Waogiek waliunda umbo la ardhi yao ya Mau kwa tabaka za maboksi ya karatasi zilizokatwa kufuata kontua, na wazee wakaweka juu yake, kwa pini, nyuzi na rangi, mito na misitu kama walivyoijua. Aliyeipanga milima kwa mikono yake hahitaji kufasiriwa ramani. Shule ya msingi iliyo bondeni inaweza kufanya hivyo kwa mtaa wake kwa gundi na maboksi ya dukani, ilimradi kontua ni za kweli.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa huu, na ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Walioongezeka, zaidi ya milioni moja, wamejenga mahali fulani, na wengi wamejenga bila kuambiwa ardhi yao iko kimo gani. Kila ofisi ya mtaa ya mabondeni ikiwa na modeli yake, anayetaka kununua kiwanja ataingia, ataonyeshwa kilipo, ataona maji ya 2011 yalifika wapi, kisha ataamua akiwa na fedha yake mfukoni bado.

Tunaweza kuanza leo. Modeli ya bonde iko tayari kwenye projekta, na makalavati 14 bado hayajaingizwa kwa sababu hatujui kama yamezibuliwa. Naomba wenyeviti wa mitaa msogee viti vya mbele, mtuonyeshe moja baada ya jingine.