Neno "run" na maana zake zaidi ya mia sita

Ndugu zangu mlioko nyumbani, hamjambo. Mara kwa mara mnaniuliza kwa nini Kiingereza cha darasani humwishia mtu njiani akifika huku Uingereza, na leo nitajibu kwa neno moja tu, "run", ambalo sote tulifundishwa kuwa maana yake ni kukimbia. Kamusi ya Kiingereza ya Oxford ilipolichambua upya kama kitenzi ilipata maana 645, kazi iliyomchukua mhariri Peter Gilliver takriban miezi tisa. Katika toleo la kwanza, lililokamilika mwaka 1928, neno lililoongoza kwa wingi wa maana lilikuwa "set".

Kinachonivutia zaidi ni asili yake. Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi viwili vya ukoo mmoja: "rinnan", yaani kukimbia au kutiririka, na "ærnan", kilichotumika kwa mpanda farasi anayemkimbiza mnyama wake. Karne zilivyopita, vikayeyuka na kuwa kitenzi kimoja. Sisi tunatofautisha kwa kiambishi, kwenda na kuendesha, lakini Mwingereza hutumia neno lilelile kwa basi linalofanya safari zake na kwa mwenye duka anayeliendesha. Ile maana ya kutiririka nayo haikufa, ndiyo maana neno hilo hutumika kwa bomba lililoachwa wazi, kwa pua yenye mafua na kwa kitambaa kinachochuja rangi. Kisha vikaja viwanda, treni na hatimaye kompyuta, na kila mtambo uliohitaji kitenzi cha kueleza kwamba unafanya kazi ukapewa hicho hicho.

Ipo pia nomino inayotokana na kitenzi hicho. Septemba 2007 wateja wa benki ya Northern Rock walipanga foleni ndefu nje ya matawi yake wakitaka kutoa akiba zao, na magazeti yakaliita tukio hilo "run", ingawa watu walikuwa wamesimama foleni kwa saa nyingi. Siasa ina kituko chake: Mmarekani anayetaka urais "hukimbia", Mwingereza anayetaka ubunge "husimama", na wa kwetu hugombea, neno ambalo kwa maoni yangu ndilo linalosema kweli kuliko yote.

Kwa hiyo anayejiandaa kwa usaili wa kazi huku na atazame kwanza kama kitenzi "run" kimefuatwa na shamirisho, yaani kile kinachotendewa, kwa kuwa mara nyingi hapo ndipo maana ya kuendesha hujitokeza. Akiulizwa kama amewahi "to run a team", anaulizwa habari za uongozi, wala si za riadha.