Kioo cha Laptopu Kinavuja Mwanga? Legeza, Usikandamize

Mambo vipi wakuu. Zima taa kwanza. Kama kwenu umeme umekatika, leo umebahatika, maana giza ndilo tunalolitaka. Nimeweka picha nyeusi tupu, imejaa kioo chote, mwangaza nusu. Tazama kona ya chini kulia. Umeuona ule weupe, kama mtu kaacha mlango wa friji wazi kidogo? Huo ndio mwanga unaovuja.

Dogo, wewe unayenirekodi, mbona kwenye simu kona zote zinawaka kama ukumbi wa harusi? Subiri. Kamera inatudanganya, ikikuta giza inajiongezea mwanga yenyewe. Shikilia kidole palepale kwenye kona mpaka ijifunge, halafu shusha mwangaza wa kamera. Eeh, hapo sawa. Nawe ukimpigia muuzaji picha ya ushahidi fanya hivyohivyo, usije ukamgombeza mtu wa watu bure.

Sasa sogeza kichwa, kulia, kushoto. Weupe ukikufuata macho, huo ni mng'ao wa kawaida wa vioo vya IPS, aina moja ya vioo vyenye taa ya nyuma, hauna dawa. Ukibaki palepale, twende kazi. Wenye OLED kaeni mtazame tu, vioo vyenu havina taa ya nyuma, kitavuja nini? Na kama waranti haijaisha, funga video hii, rudisha dukani.

Taa za LED humu zimepangwa mstari mmoja ukingoni, mara nyingi chini, na bamba jembamba la plastiki linausambaza mwanga nyuma ya kioo. Fremu, yaani ule ukingo unaozunguka kioo, ikibana kona, tabaka zinapinda na mwanga unapata upenyo. Kwa hiyo wewe unayeibonyeza kona kwa dole gumba, unaongeza ugonjwa.

Zima, chomoa chaja, fungua mfuniko wa chini, chomoa betri. Hapo nimeruka, mnajua.

Fremu sasa. Skrubu mbili zimejificha chini ya vile vimpira. Zikitoka, chukua kadi ya zamani ya plastiki, anzia JUU. Juu, ndugu yangu. Kadi isizame zaidi ya ukucha, tembeza taratibu, vishikizo vitalia tak, tak. Msogezee kamera dogo, waone.

Ukishuka chini, acha kadi, tumia vidole. Chini ya kioo pana kibao chembamba cha saketi na waya bapa. Mimi nilipachokonoa kwa bisibisi, kwenye laptopu ya binamu yangu, tena ameketi hapohapo na chai yake. Kikalia *kria*, ufa ukapanda mpaka katikati. Nilinunua kioo kizima, na mpaka leo kila sikukuu ananikumbusha. Chini, vidole tu. Nimesema? Vidole.

Kioo hiki kimeshikwa na skrubu nne. Chako kikiwa kimebandikwa kwa gundi ile ya kuvuta, ishia hapa, funga. Wenye skrubu, legeza kila moja robo mzunguko. Robo. Ikianza kuchezacheza umepitiliza.

Rudisha betri, washa, fremu bado iko nje... Ahaa! Ona. Ule weupe ulikuwa umefika kwenye saa, sasa umerudi ukingoni. Dogo, usitikise.

Kilichobaki tunakiziba kwa tepu nyeusi ya mafundi umeme. Zima tena. Kata kipande chembamba, bandika kwenye ukingo wa chuma, kisiingie kwenye picha. Tabaka moja! Ukiweka mbili, fremu ikirudi inabana upya na umerudi ulikotoka. Hiki changu kimepinda, nakibandua... kucha zimeisha, samahanini... haya, kimekaa.

Kuna wanaosugua kona kwa kitambaa cha miwani, duaraduara. Kwa wepesi sana haidhuru, ila mimi nimeona weupe ukirudi baada ya siku chache, kwa hiyo sijisumbui.

Bonyeza fremu irudi, ukingo wa chini uwe wa mwisho, kwa vidole, mnajua kwa nini. Kona imebaki na alama ndogo kama punje ya mchele. Nikishusha mwangaza kwa filamu za usiku siioni, kwa hiyo naiacha. Bisibisi niliyotumia ni ya msalaba, ndogo, saizi PH0, ninazo seti hapa kibandani, na kadi ya plastiki nakupa bure. Dogo, washa taa.