Wasifu wa Bibi: Kuuandika Ili Awe Yeye

Ndugu zangu, nawashukuru kwa kufika. Leo tunazungumzia wasifu wa bibi, ile karatasi inayosomwa siku ya kumuaga au siku ya kumkumbuka. Wengi huiandika usiku wa kuamkia, wamechoka, macho yamevimba kwa kulia. Ndiyo maana wasifu wa mabibi wengi unafanana: alizaliwa, akaolewa, akajaliwa watoto, alikuwa mpole na mkarimu, akaugua, akafariki. Badilisha jina tu, utamfaa bibi wa nyumba ya pili. Mwanamke aliyelea watu maisha yake yote hastahili kuagwa kwa maneno yanayomfaa kila mtu.

Chukua hilo neno “mkarimu”. Lifute, kisha uliza: alifanya nini, na nani aliona? Huenda ukapata hivi: “Kila jioni alipika chakula cha watu wawili zaidi ya waliokuwamo nyumbani, maana hakujua nani angebisha hodi.” Hapo huna haja tena ya kusema mkarimu, msikilizaji amekwisha kumwona jikoni. Kila sifa itafutie tendo lake. Isiyopata tendo, iache.

Matendo hayo huyapati kwa kuuliza “Bibi alikuwa mtu wa namna gani?” Swali hilo huzaa “mpole” papo hapo. Uliza yanayoshikika. Aliamka saa ngapi, na kazi yake ya kwanza ilikuwa ipi? Nani alimgongea mlango usiku, na kwa shida gani? Alikuwa akikasirishwa na nini? Neno gani halikumtoka mdomoni? Tena msiishie kwa watoto na wajukuu. Ukoo unamjua bibi wa nyumbani. Bibi wa jamii anajulikana na jirani wa ukuta kwa ukuta, na mweka hazina wa kikundi chake, na kijana aliyelipiwa ada. Tafuta watu watano angalau, na wawili kati yao wasiwe wa ukoo. Kama daftari la kikundi lipo, lifungue: huko utakuta miaka aliyoongoza na michango aliyotoa, mambo ambayo kumbukumbu za watu huyakosea.

Ukirekodi kwa simu, iweke mezani karibu na mzungumzaji, kama nusu mkono hivi, zima feni na uzuie simu zisiingie. Mzee mwenye majonzi asizidishiwe dakika 40 kwa kikao kimoja, mrudie kesho. Anaponyamaza, nyamaza naye. Jambo zito mara nyingi hufuata baada ya kimya, na mwenye haraka ya kuuliza swali jingine hulikosa.

Sasa tarehe, na hapa ndipo tunapoona makosa mengi. Ukikuta kitambulisho cha mzee kimeandikwa alizaliwa tarehe 1 Januari, usikiamini upesi. Mara nyingi karani alijaza hiyo kwa sababu siku yenyewe haikujulikana, na pengine hata mwaka ulikisiwa. Linganisha na ndugu zake: kitambulisho kikisema 1942, na mdogo wake wa tumbo moja ana cheti cha 1939, lazima kimojawapo kimekosea. Kama mmebaki na shaka, andikeni “alizaliwa kati ya 1937 na 1939”. Hakuna aibu katika hilo, na ni bora kuliko kuchonga tarehe ya uongo kwenye jiwe la kaburi.

Kosa linaloumiza kuliko yote ni kusahau jina. Aliyelelewa na bibi tangu utotoni akisikia hakutajwa, ni kama ameambiwa mbele ya umati kwamba hakuwa wa nyumba ile. Andika watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa, waliotangulia kufariki wakiwamo, na waliolelewa pia. Wajukuu wahesabu nyumba kwa nyumba, kisha vitukuu, kisha vilembwe. Ukihesabu kwa jumla, wa mbali hupotea. Halafu orodha isomwe na watu wawili wa matawi tofauti ya ukoo kabla haijapigwa chapa.

Yule aliyelipiwa ada au kusitiriwa katika shida, mwombe ruhusa kabla ya kumtaja. Bibi alimsaidia kwa siri. Si haki sisi tumtangaze. “Walikuwapo aliowalipia ada” inatosha.

Kusoma: kwa utulivu wa msibani, dakika moja hubeba maneno kama 100, kwa hiyo maneno 600 ni dakika sita. Jipime kwa saa, kwa sauti, si kwa macho. Chapisha upande mmoja wa karatasi, herufi za ukubwa wa 16, kurasa zikiwa na namba, maana karatasi zikidondoka mikono inayotetemeka haitazipanga. Mtu wa pili awe na nakala yake na ajue kwamba yeye ndiye atakayepokea. Machozi yakija, simama, kunywa maji, rudia sentensi kuanzia mwanzo. Hakuna atakayekulaumu.

Mambo yakitulia, rekodi zile msiziache kwenye simu moja. Wekeni nakala tatu, na mojawapo ikae nyumba nyingine. Picha za karatasi ziandikwe nyuma kwa penseli laini: majina kuanzia kushoto kwenda kulia, na mahali. Wino wa kalamu hupenya au huchafua picha iliyolala chini yake. Na katika sanduku lile la picha, anzeni na zile ambazo amebaki mtu mmoja tu anayewatambua waliomo.