Kwa Nini Ninaigiza Polisi Jeshi na Si Mpiganaji

Shikamooni wazee wangu, na vijana wenzangu habari za leo. Kwa wanaonitazama kwa mara ya kwanza, mimi ni mtoto wa Ilala ninayeishi kaskazini mwa Uingereza, na kwa sasa niko likizo hapa Dar es Salaam, ndiyo maana mnasikia honi za bajaji nyuma yangu. Nilipoweka picha nikiwa nimevaa kofia nyeupe ya chuma yenye herufi MP, yaani Military Police au polisi jeshi, wengi wenu mliuliza kama nimejiunga na jeshi la Marekani, na baba yangu mdogo, ambaye ni askari mstaafu, aliniuliza kwa ukali zaidi ni kwa nini raia avae sare ya polisi jeshi. Swali lake ni la haki, na leo ninalijibu kwa kirefu.

Uingereza wapo watu wengi wanaojitolea kuigiza matukio ya kihistoria, hasa ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Hupiga kambi ya mahema uwanjani, huendesha malori na jipu za miaka ya 1940, na mchana huonyesha mapigano kwa risasi zisizo na kichwa, ambazo hutoa mlio na moshi tu. Karibu kila anayejiunga hutaka kuwa mpiganaji wa mstari wa mbele. Mimi nilichagua polisi jeshi kwa sababu ndiye anayeonyesha jinsi vita vilivyoendeshwa hasa, na kwa sababu kazi anayoiigiza ndiyo hiyohiyo anayoifanya kweli siku ya onyesho.

Chukueni mfano wa Ufaransa mwaka 1944. Majeshi ya Marekani yalisonga mbele kwa kasi hadi mafuta, risasi na chakula vikabaki nyuma, na reli zilikuwa zimevunjwa kwa mabomu. Kuanzia tarehe 25 Agosti hadi tarehe 16 Novemba, malori ya msafara ulioitwa Red Ball Express yalipita usiku na mchana kwenye barabara zilizotengwa kwa ajili yake, na siku za kilele yalifikia karibu 6,000, yakibeba zaidi ya tani 12,000 kwa siku. Takriban robo tatu ya madereva walikuwa Wamarekani weusi. Katika njia panda kuu alisimama polisi jeshi, akizuia magari yasiyohusika na kuwaonyesha njia madereva waliochoka, na lori moja lingepotea hapo, kifaru fulani kingesimama mbele ya adui bila mafuta. Polisi jeshi wa Uingereza, wale wa kofia nyekundu, walifanya kazi hiyohiyo, wakasindikiza mateka na kuwarudisha askari waliopotea vikosi vyao, na mwaka 1946 Mfalme George wa Sita akakipa kikosi chao hadhi ya kifalme.

Sasa njooni uwanjani. Lori la Kimarekani la tani mbili na nusu lina usukani upande wa kushoto, na dereva wake haoni vizuri kulia kwake, mahali ambapo mtoto anaweza kuwa amepenya chini ya kamba ili apige picha. Kwa hiyo ninatembea mbele ya lori, filimbi mdomoni, mkono wenye glavu nyeupe umeinuliwa, na simpi dereva ishara mpaka njia iwe tupu kabisa. Sina mamlaka ya kumkamata mtu yeyote, na likitokea jambo la kweli huitwa polisi wa kweli. Hata hivyo, nimeona mara nyingi kwamba watu huitii ile kofia nyeupe haraka kuliko wanavyomtii msimamizi aliyevaa kizibao cha kung'aa.

Upande mwingine wa kazi hii ni mchungu, na sikubali ufichwe. Langoni mwa kambi tunakagua vibali vya kutoka, na watoto hulifurahia jambo hilo, lakini vibali vya namna hiyo vilihusika katika umwagaji damu wa Bamber Bridge, mji mdogo wa Lancashire huko Uingereza, usiku wa tarehe 24 Juni 1943. Polisi jeshi weupe wa Marekani waliingia katika baa kuwakamata askari weusi wa kikosi cha malori cha jeshi lao hilohilo, wakidai kwamba hawakuwa na vibali wala mavazi kamili. Wenyeji waliwatetea wale askari. Usiku ule risasi zilirindima hadi alfajiri, na askari mweusi William Crossland akauawa. Mahakama za kijeshi ziliwatia hatiani askari weusi 32, lakini Jenerali Ira Eaker, kamanda wa Kimarekani aliyekuwa Uingereza, aliwalaumu zaidi maofisa weupe na polisi jeshi, na doria zikaanza kuchanganywa weusi na weupe. Mtazamaji akinishangaa mimi Mwafrika katika sare ile, humweleza kwamba polisi jeshi weusi walikuwepo, kisha humsimulia habari za Bamber Bridge yote, bila kuipunguza makali.

Narudi kwa baba mdogo. Kule Uingereza, sheria ya sare ya mwaka 1894 inaruhusu sare za kijeshi katika maonyesho. Hapa nyumbani hali ni tofauti, kwani Agosti 2023 jeshi letu la Tanzania, JWTZ, liliwapa raia siku saba kusalimisha mavazi yanayofanana na ya jeshi, na mimi sikubeba hata mkanda mmoja wa sare ile ndani ya begi langu.

Ila ninatamani sana siku moja tuigize historia yetu, na ningeanzia Kariakoo, mahali palipokuwa kambi ya wapagazi wa jeshi baada ya Waingereza kuuteka mji huu mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Wengi wao walichukuliwa kwa nguvu na kulindwa na askari wasitoroke, na makumi ya maelfu walikufa kwa njaa na maradhi. Atakayeliandaa onyesho hilo aombe kwanza kibali cha JWTZ, ashone sare za mtindo wa wakati ule tu, kisha amtafute mtu wa kuigiza mlinzi wa wapagazi kabla ya kumtafuta wa kuigiza jenerali. Mlinzi huyo ndiye atakayefungua na kufunga barabara pale Msimbazi, na ndiye atakayeulizwa na watoto kwa nini anawachunga watu wazima kwa bunduki, kwa hiyo awe mtu mwenye subira na aliyesoma vizuri habari za vita vile.